Sabuni ya Mayatima wa Ghayathi

Imepokewa kutoka kwa Dhakwani bin Sureji, Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe ulimi wake, kwamba siku aliyoanza kujifunza maana ya amana ndiyo siku aliyomsifu mwizi wa punda mbele ya kadhi wa Halabu.

Mwenyewe hakulificha jambo hili. Alipokwisha kuota mvi, na watu wakawa wanamkalisha mbele awape mawaidha, alianza nalo kabla ya lolote, akisema kuwa msikilizaji ana haki ya kujua anamsikiliza mtu wa namna gani. Alikuwa mtu wa safari. Alifika Bukhara, akafika Kairuani, na huko Samarkandi alimwachia viatu vyake mtu aliyemwapia mara tatu kuwa atavilinda, akarudi kwao na kimoja. Alikuwa na mizaha mingi na moyo mweupe, pamoja na ugonjwa mmoja ambao hakuna tabibu aliyeupatia dawa: hakujua kumwambia mtu hapana.

Katika mji wa Halabu wa zama hizo, hakuna aliyekabidhiwa mali ya yatima mpaka asimame mtu anayeheshimika, amshuhudilie uadilifu wake mbele ya kadhi. Ilikuwa desturi njema, ila kwa miaka mingi ilikuwa imelegea, ikawa kama kuitikia amina. Mtu anakuomba, unasimama, unasema maneno mawili matamu, unakaa. Dhakwani alikuwa amesimama mara nyingi kiasi kwamba mabawabu wa mahakama walimsalimu kwa jina na kumuulizia watoto.

Siku hiyo mali iliyotafutiwa msimamizi ilikuwa ghala la sabuni. Mwenyewe, Ghayathi bin Labidi, mpika sabuni, alikuwa amefariki akaacha mjane, Bi Hunaida, na watoto wanne ambao mkubwa wao hajatimiza miaka tisa. Eda ilikuwa imekwisha wiki hiyo, na mfanyabiashara mmoja aitwaye Badrani alikuwa amejitokeza kuisimamia mali. Dhakwani hakuwahi kumtia machoni Badrani. Lakini alimjua rafiki wa Badrani, na huyo rafiki alikuwa amemlisha nyama ya kondoo jana yake. Akasimama.

Akasifu kwa ufasaha wote aliojaliwa. Mtu mkweli, akasema, mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye mkono safi. Namjua kama ninavyokijua kiganja changu.

Kadhi Shurahbili, mzee mfupi ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akicheka, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nionyeshe," akasema. "Ni yupi kati ya hawa waliokaa?"

Dhakwani akageuka. Kulikuwa na watu kama kumi na wawili wamekaa kwenye mikeka. Akatafuta kilemba kilichofungwa vizuri kuliko vyote, akakiona. Chini yake palikuwa na ndevu zilizochanwa na vidole vilivyoshika tasbihi, na moyo wake ukatulia.

"Ni huyu hapa, bwana kadhi."

Yule mtu akainamisha kichwa. "Mimi nimeletwa kwa kesi ya punda," akasema kwa upole. "Na punda mwenyewe yuko hapo nje."

Wanasema hata punda alilia wakati ule, ingawa huenda hilo Dhakwani aliliongeza mwenyewe miaka ya baadaye. La hakika ni kwamba mahakama nzima iliangua kicheko, isipokuwa watu wawili. Mmoja alikuwa kadhi. Wa pili alikuwa Bi Hunaida, aliyekaa nyuma ya pazia pamoja na mama mkwe wake, na ambaye chakula cha watoto wake kilikuwa kinategemea maneno ya mdomo wa Dhakwani.

Kadhi akampa Dhakwani njia mbili. Ama atangazwe sokoni kuwa mtu ambaye ushahidi wake haukubaliwi tena, mpaka afe. Ama atafute mwenyewe msimamizi wa ghala la Ghayathi kabla mwezi mwingine haujaandama, amlete, amshuhudilie, na nyumba yake Dhakwani iwe dhamana. Msimamizi akiila mali ya mayatima, nyumba itauzwa wafidiwe.

Dhakwani alikuwa na nyumba moja tu, tena paa lake lilivuja. Akaifikiria. Kisha akalifikiria lile pazia na kimya kilichokuwa nyuma yake, akasema atatafuta. Waliokuwapo walisimulia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo bila kuongeza mzaha.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Hunaida kujitambulisha. Mama mkwe akafungua mlango, akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye rafiki wa mwizi wa punda?"

Akakiri kuwa ndiye. Akaketishwa uani, na Bi Hunaida akamweleza mambo yalivyo. Mumewe alipika sabuni ya mafuta ya zeituni na ya tunda la ghari, ule mti wa milimani wenye harufu nzuri. Aliimwaga, akaikata, akaipiga muhuri, akaipanga ghalani iwe inakauka, kisha homa ikamchukua. Mali yote ya watoto imo humo. Zaidi ya hiyo, unga uliobaki ni wa wiki tatu.

Alipotoka, Dhakwani alikuwa hajafika kona ya mtaa alipokutana na Badrani mwenyewe. Mtu wa kupendeza mno. Alimkumbatia, akacheka, akasema sasa angalau uso wake unajulikana. Hakumwekea kinyongo. Alisema anao msafara unaoondoka kwenda Baghdadi mwisho wa mwezi, na sabuni ile ikipanda juu ya ngamia hao, mayatima watapata maradufu ya thamani inayotajwa na watu. Dhakwani akamuuliza atachukua ujira gani. Badrani akaweka mkono kifuani, akasema hataki ujira wowote, anafanya kwa ajili ya Mungu. Jioni ile magunia mawili ya unga na mtungi wa mafuta vikafika kwa Bi Hunaida. Na nyumbani kwa Dhakwani likafika joho la sufi ya Bukhara, rangi ya tende mbivu, lililomkaa mabegani kana kwamba fundi alimpima akiwa usingizini.

Mtu mwingine angemaliza kazi hapo. Dhakwani naye alitamani kuimaliza. Lakini alikaa na lile joho mapajani, akakumbuka Samarkandi. Yule wa viatu naye hakutaka ujira.

Basi akaazimia kutafuta kwa njia nyingine. Alikuwa amezoea kuuliza watu, nani mwema, nao walimtajia rafiki zao kama yeye alivyokuwa akitaja wake. Sasa akaanza kuzunguka nyumba za wasafiri na masoko ya Halabu na swali moja tu. Alimuuliza kila aliyewahi kumpa mwenzake mtaji: je, yuko mtu uliyempelekea mali yako akakwambia hapana?

Wengi walimshangaa. Mfanyabiashara akatae mali? Baadhi wakamuuliza kama jua la safari limemdhuru. Siku ya nne muoka mikate mmoja akasema, naam, yuko mmoja, mtu mkavu kabisa, nilimpelekea akiba yangu aninunulie pilipili, akasema hajui pilipili, nenda kwa anayeijua. Siku ya sita bibi mmoja aliyekuwa akijiandaa kuhiji akalalamika juu ya mtu aliyekataa kumfanyia biashara na fedha yake ya safari, akamwambia fedha ya hija haichezewi, kaifunge kibindoni. Siku ya tisa mchuna ngozi akatoa malalamiko mengine ya namna hiyo, kwa matusi. Watu hao watatu hawakujuana, na wote walimtaja Sinani, muuza sabuni karibu na lango la Antakia. Hakuna hata mmoja aliyemtaja kwa mapenzi.

Dhakwani akamkuta Sinani amekaa juu ya kasha, anasugua vumbi kwenye vipande vya sabuni. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mikono iliyochubuka kwa magadi. Dhakwani akamsalimu, akamwaga maneno yake mazuri kuhusu mayatima na thawabu. Sinani alikuwa akilitazama joho.

"Hilo lilikuwa dukani kwa Badrani wiki iliyopita," akasema. "Umelinunua?"

Dhakwani alikuwa amewahi kukamatwa na kuvuliwa nguo na majambazi njiani kwenda Nishapuri, na hakuona haya kama aliyoiona hapo. Akasema hakulinunua.

"Basi ukija kuniuliza jambo, njoo na nguo yako."

Akarudi kwake. Akavua joho, akalikunja, akavaa kanzu yake ya siku zote yenye kiraka kwenye kiwiko, akarejea. Sinani akafunga duka, wakaenda ghalani.

Bi Hunaida na mama mkwe wake wakasimama mlangoni. Ndani, sabuni ilipangwa kama minara, kila tabaka limeachiwa nafasi hewa ipite, kijani kibichi kutoka sakafuni hadi kimo cha mtu. Sinani akachukua kipande, akakinusa, akakikata, akagusa ncha ya ulimi kwenye ule mkato kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo. Akazunguka mnara baada ya mnara. Watu wakangoja. Mwisho akaja mlangoni, akazungumza na sakafu, maana hakuwa na mazoea ya kumkodolea macho mjane wa watu.

Alisema sabuni imepikwa na fundi. Lakini ina miezi mitano, inahitaji minne tena, mpaka zabibu ziive. Ikikauka itapungua, kila ratili tano zitabaki nne. Mnara ulio kwenye ukuta wa kaskazini umepata unyevu chini, tabaka mbili za kutupa. Yeye atachukua sehemu moja katika kumi, baada ya kuuza, na kabla ya hapo hatachukua hata kipande cha kunawia. Na mlango uwekewe kufuli mbili, ufunguo mmoja wake, mmoja wa mjane, asiingie mtu peke yake, hata yeye.

 Sauti ya Bi Hunaida ikapanda kidogo.

"Badrani anasema maradufu, mwisho wa mwezi. Wewe unaniambia nne kwa tano, mpaka zabibu."

"Badrani atauza nini?"

"Sabuni hii hii."

"Atauza sabuni na maji. Leo inapimwa na maji yake, nayo ni mazito. Ikifika Baghdadi yatakuwa yamekauka njiani, itakuwa imejikunja na kupasuka." Sinani akageuza kile kipande, akaonyesha muhuri uliozama katikati yake. "Hapa pameandikwa Ghayathi. Badrani jina lake halimo."

"Watoto wangu watakula muhuri?"

Sinani akakirudisha kipande mnarani. Kisha akatoka, akaenda zake.

Hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Siku kumi zilikuwa zimepita. Mjane alimtaka Badrani, na Badrani alikuwa tayari. Kadhi angeridhika na mtu yeyote mwenye uso unaojulikana. Neno moja la Dhakwani lingewafurahisha wote na kumwachia joho juu yake, na hata mambo yangeharibika, yangeharibikia Baghdadi, mbali na macho ya Halabu. Tena nani alijua kama Sinani ni mkweli? Huenda alikuwa mchungu tu. Watu wachungu hudhaniwa wakweli bure, na Dhakwani katika safari zake alikuwa ameibiwa na wachungu pia.

Akaomba msaada kwa Mola wake, kisha akamwendea Bi Hunaida na uzi wa pamba.

Akamwomba achague mwenyewe kipande kimoja ghalani na kukifunga uzi kwa mkono wake, akaze mpaka uzi uume, apige fundo, akiweke juu ya paa lake. Mvua ikinyesha akiingize. Kisha wasizungumze habari ya msimamizi mpaka mwezi ukaribie kuandama.

"Na kama Badrani akija?" akauliza.

"Mwambie rafiki wa mwizi wa punda hajamaliza."

Badrani alikuja, mara tatu. Mara ya kwanza alikuja na tabasamu. Ya pili akakumbusha msafara. Ya tatu akakumbushia ule unga. Bi Hunaida alisimulia baadaye kuwa hilo la tatu ndilo lililomfanya apande paani kukitazama kile kipande kwa makini, kwa kuwa sadaka haina desturi ya kurudi kujitaja. Dhakwani kwa upande wake alipanda na kushuka mji mzima, na akapata kujua jambo ambalo Badrani hakumwambia mtu: ngamia wa msafara ule walikuwa wa mkwewe, na sabuni ingenunuliwa na mkwewe huyo kwa bei itakayopangwa na wao wawili. Joho akalirudisha siku hiyo hiyo. Aliliweka juu ya meza ya duka, akasema linambana. Kisha akaona ameanza tena, akajisahihisha. Akasema halimbani, linamkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa, na ndiyo sababu hawezi kubaki nalo.

Siku ya kumi na saba tangu uzi ufungwe, Bi Hunaida akamwita. Kile kipande kilikuwa mapajani mwake. Uzi haukuwa umekatwa, na fundo lilikuwa pale pale alipolipiga. Akakishika kipande kwa vidole viwili, akakiinamisha, na uzi ukateleza, ukaanguka wenyewe hadi chini.

Wakautazama.

"Nilikaza mpaka ukaniacha alama kwenye kidole," akasema.

Mama mkwe, mama yake Ghayathi, akauokota ule uzi, akauzungusha kidoleni. Akasema marehemu mwanawe alikuwa mtu wa kuudhi, hakuwahi kuuza kabla ya zabibu, hata mwaka wa njaa.  Bi Hunaida akahesabu siku zilizobaki hadi zabibu, na unga uliobaki ndani, na watu wa Baghdadi asiowajua ambao wangelipa maji kwa bei ya mafuta huku wakisoma jina la mumewe. Kisha akasema, "Nitasokota sufi. Mwambie yule mkavu aje na kufuli yake." Akaagiza magunia na mtungi wa Badrani vijazwe kwa kipimo kile kile, kwa unga na mafuta ya kuazima, virudishwe.

Mwezi ulipokaribia kuandama wakasimama mbele ya Kadhi Shurahbili. Mahakama ilijaa, maana watu walikuwa wamekuja kuangalia kama Dhakwani atapata punda mwingine. Kadhi akamuuliza ni yupi. Safari hii Dhakwani hakunyoosha kidole. Alitembea mpaka alipokaa Sinani, akaweka mkono begani mwake na kuuacha hapo.

"Unamjua?"

"Kidogo, bwana kadhi. Najua alikataa mali za watu watatu, alipoona si haki kuzichukua. Najua aliwaambia wenye mali kuwa itapungua, na ikapungua. Najua alitaja ujira wake kabla hajaulizwa, na akataka kufuli ya pili imzuie yeye mwenyewe. Nyumbani kwake sijaingia, wala sijui anasali vipi akiwa peke yake. Nami nilipokea joho la mshindani wake, nikalivaa asubuhi moja kabla ya kulirudisha. Liandikwe na hilo."

Kadhi akamwamuru karani aandike yote, pamoja na joho. Akasema huo ndio ushahidi wa kwanza kuusikia kutoka kinywani mwa Dhakwani, na hati ikapigwa muhuri.

Miezi minne ile haikuwa myepesi. Bi Hunaida alisokota mpaka vidole vikavimba, na Dhakwani, kwa kuwa dhamana yake ilikuwa imegeuka huruma, alipeleka unga kila Ijumaa, akidai mkewe amenunua mwingi kwa bahati mbaya. Zabibu zikaiva. Sabuni ikageuka rangi ya dhahabu kwa nje, ikabaki kijani moyoni, na Sinani akaiuza nne kwa tano kama alivyosema. Haikuleta maradufu. Ilileta haki yake, na mwaka uliofuata wanunuzi wa Baghdadi wakatuma watu kuuliza kama bado iko sabuni yenye jina la Ghayathi. Watoto wale wanne walilelewa kwa jina hilo.

Ewe ndugu, utakayemkabidhi jasho lako au urithi wa wanao atakuja kwako na uso mzuri, nawe utataka sana kumwamini, maana kuamini kunapumzisha. Usipumzike upesi. Muulize anachukua nini na kinatoka wapi, na ni lini amewahi kusema hapana. Kisha funga uzi wako mwenyewe, ungoje. Na ukiombwa umshuhudilie mwenzako, jua kwamba nyuma ya pazia yuko mtu ambaye hakucheka.

Siku ile baada ya mauzo Dhakwani alipita dukani kwa Sinani, akakaa karibu naye juu ya kasha. Mzaha ulikuwa umemrudia. Akasema, hivi, baada ya jua lote lile na miguu yangu yote ile, na nyumba yangu kuwekwa rehani kwa ajili yako, hujawahi kuniambia hata ahsante kwa kukushuhudilia.

Sinani hakuacha kusugua sabuni yake.

"Ulisema kweli, au ulinipendelea? Kama ulisema kweli, hunidai kitu. Kama ulinipendelea, kadhi bado hajafunga mlango."

Dhakwani akainuka, akaenda zake.